Kuongoza gemu ya panga na uchawi kwa mara ya kwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa na watu wanaotaka kukalia kiti cha mwongozaji, yule anayewasimulia wenzake ulimwengu katika gemu ya mezani ya kuigiza wahusika, kwa mara ya kwanza. Yanaanzia mwanzo kabisa na kwenda hadi yale yanayozuka mkishacheza miezi kadhaa. Aliyekwisha kucheza gemu za mezani anaweza kuruka hadi sehemu ya maandalizi.

## Misingi

Panga na uchawi ni hadithi za aina gani?

Ni hadithi za watu wachache wenye silaha na shida zao binafsi, katika ulimwengu wa kale wa kubuni ambamo uchawi upo lakini unaogopwa. Mhusika hapigani kuokoa dunia. Anataka kulipa deni, kumtoa ndugu yake kifungoni, kuiba kito kwenye mnara wa mchawi, au angalau kuamka kesho akiwa hai. Wafalme na vita vyao vikubwa vinapita kwa mbali, kama ngoma ya mtaa wa pili.

Jina hili lilipendekezwa na mwandishi Mmarekani Fritz Leiber mwaka 1961, ila hadithi zenyewe zilikuwapo zamani. Robert E. Howard alianza kuchapisha visa vya shujaa wake Conan katika jarida la Weird Tales Desemba 1932. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa gemu ya mezani Dungeons & Dragons (kwa kifupi D&D) mwaka 1974, visa vya namna hiyo vilikuwa sehemu ya chemchemi waliyochota.

Kuna jina jingine ambalo msomaji wa Kiswahili anastahili kulijua: Charles R. Saunders, Mmarekani mweusi aliyehamia Kanada, aliyeandika visa vya shujaa aitwaye Imaro. Bara zima wanamopita wahusika wake alilipa jina Nyumbani. Ni neno letu lenyewe, herufi kwa herufi. Nilipolikuta mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa nalo kidogo.

Mwongozaji anafanya nini hasa?

Anaeleza wahusika wako wapi na wanaona nini, anauliza "Mnafanyaje?", kisha anaamua kinachofuata, kwa akili yake au kwa dadu. Kila mchezaji ana mhusika mmoja. Waliobaki wote ni wa mwongozaji: muuza samaki, mlinzi wa lango, mchawi, jini. Hakuna mshindi. Mwongozaji si mpinzani wa wachezaji, hata pale anapowashikia upanga maadui zao.

Mezani inakuwa hivi:

"Mlango wa ghala una kufuli la shaba. Ndani mnasikia mtu anakohoa."

"Naweka sikio mlangoni. Ni mmoja au wako wengi?"

"Mmoja. Anakohoa kama mtu aliyelazwa kwenye unyevu siku nyingi."

"Namwita kwa sauti ya chini."

"Kikohozi kinakatika ghafla."

Hakuna dadu iliyorushwa hapo, na tayari kila mtu amesogeza kiti. Dadu inaingia pale tu ambapo jambo linaweza kwenda huku au kule, na kule kuna hasara.

Nahitaji vifaa gani? Dadu za pande 20 sizipati.

Watu watatu hadi watano, karatasi, penseli, saa tatu zisizo na usumbufu, na dadu mbili za ludo. Ukitaka kutumia kanuni zinazodai dadu ya pande 20, kata vipande 20 vya karatasi vilivyo sawa, viandike namba 1 hadi 20, viweke kwenye kopo. Chota kimoja, soma, rudisha, tikisa. Usiporudisha, hesabu nzima inaharibika. Programu za simu za kurusha dadu zipo bure, lakini dadu halisi ikibiringika juu ya jamvi watu wote wanainama pamoja kuitazama, na simu haiwezi kukupa hicho.

Nianze na kanuni zipi?

Kanuni za msingi za toleo la tano la D&D ziliachiliwa Januari 2023 chini ya leseni ya Creative Commons, hivyo unaweza kuzipakua na kuzitumia bila kulipa. Ni kanuni nzuri. Tatizo ni kwamba zinawapa wahusika uchawi mwingi mapema mno, na baada ya vikao vichache mauti yanakuwa mbali nao. Kwa hadithi za panga na uchawi napendelea kitu chepesi, na kwa mwongozaji mpya hiki kinatosha:

Rusha dadu mbili za kawaida, jumlisha, ongeza ustadi wa mhusika katika jambo hilo, kuanzia 0 hadi 3. Ukipata 9 au zaidi, umefaulu. Jambo likiwa gumu, punguza 1 au 2.

Dadu mbili zina matokeo 36. Asiye na ustadi anafaulu katika 10 kati ya hayo, yaani takriban asilimia 28. Mwenye ustadi wa 1 anafikia 42, wa 2 anafikia 58, wa 3 anafikia 72. Kila nukta moja inahisiwa. Ndiyo maana usigawe ustadi kama peremende: mpe kila mhusika nukta tano azigawe kwenye mambo kama upanga, wizi, bahari, maneno, tiba na elimu ya siri, na aandike kazi aliyowahi kuifanya kabla ya kuwa mtu wa hatari. Kama alikuwa mvuvi, habahatishi kusoma upepo. Anajua tu.

Mama anasema huu ni uchawi. Nimjibu nini?

Swali hili ni la heshima na lijibiwe kwa heshima. Hakuna dua inayosomwa, hakuna kafara, hakuna kinachoitwa kije. Ni watu wanaosimuliana, kama bibi alivyosimulia habari za zimwi lililomeza kijiji. Marekani katika miaka ya 1980 wazazi na vikundi vya dini waliishambulia D&D kwa madai kwamba inawafundisha vijana uchawi, na madai hayo hayakupata ushahidi. Mwambie mama, "Shikamoo mama, karibu ukae nasi kikao kimoja." Akikataa bado, basi msichezee nyumbani kwake, wala msicheze kwa kujificha.

Ila wasiwasi wake usiuone wa kijinga. Kwetu neno uchawi lina damu. Katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu waliyoyapata kwa moshi wa jikoni, na watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Kwenye meza yangu hakuna mchawi anayetumia kiungo cha mtu, na hakuna bibi mzee anayeshukiwa kwa sura yake. Sifanyi hivyo kwa kuogopa lawama. Kati ya wanaokaa mezani huenda kuna mtu ambaye jambo hilo liligusa ukoo wake, naye hatasema.

## Maandalizi

Kikao cha awali ni cha nini?

Ni kikao cha kuongea kabla ya kucheza, saa moja tu. Mnaamua siku na muda, mnatengeneza wahusika pamoja, na kila mtu anataja asichotaka kukisikia mezani. Mwongozaji aanze kutaja cha kwake, kwa sababu akikaa kimya wengine nao watakaa kimya. Mimi huanza na yale niliyoyaeleza katika swali lililotangulia. Kubalianeni pia neno moja la kusimamisha mchezo. Sisi tunasema "tua", na anayelisema hadaiwi maelezo.

Mwulize kila mchezaji maswali mawili kuhusu mhusika wake: unamdai nani, na nani anakudai? Majibu yaandike. Hiyo ni akiba ya vikao vitano.

Niandae kiasi gani kabla ya kikao cha kwanza?

Ukurasa mmoja. Waongozaji wapya wengi huandika hadithi nzima, na hapo ndipo wanapoumia, kwa sababu wachezaji hawajaisoma na hawataifuata. Andaa mahali penye watu wenye shida zinazogongana, kisha waache wahusika waingie katikati.

Ukurasa wangu huwa na mambo haya: mahali pamoja padogo, watu watatu wanaotaka kitu kimoja kwa sababu tofauti, jambo moja la kutisha, na kitakachotokea usiku huu kama wahusika hawatafanya lolote. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika sana, nalo ndilo injini. Bila hilo, mji unakaa kimya ukiwasubiri wachezaji.

Mfano: kuna mji wa bandari uliolindwa miaka mia na fingo (dawa ya kinga) iliyozikwa chini ya lango. Usiku wa kuamkia jana mtu ameifukua. Liwali anaitaka irudishwe kimya kimya kabla watu hawajajua. Tajiri wa majahazi anaitaka ili mji umtegemee yeye. Kijana aliyeifukua anataka kuibadilisha na dawa ya dada yake. Na baharini, kila maji yanapojaa, kuna kitu kinasogea hatua moja karibu zaidi na ufuko. Saa sita za usiku maji yatajaa tena.

Hapo hujaandika hadithi, lakini haiwezekani isitokee.

Visa nivitoe wapi?

Anza na Fumo Liyongo. Yule ni shujaa wa panga na uchawi kabla jina hilo halijabuniwa: mtu mkubwa kupita kiasi, mpiga upinde, mshairi, anayewindwa na mtawala anayemwogopa, na silaha haimpati isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni.

Chukua pale alipofungwa. Mama yake anampelekea chakula kupitia kijakazi Saada, na walinzi wanakula kila kilicho kizuri. Liyongo anaimba, na ndani ya wimbo kuna ujumbe: mama aoke mkate wa wishwa, aufiche tupa ndani. Walinzi wanauona mkate wa wishwa, wanaudharau, wanampitishia. Kisha anaomba ichezwe ngoma ya gungu, na chini ya kelele za matari na pembe anakata pingu zake.

Mpe mchezaji hali hiyo tupu, bila suluhisho: umefungwa, walinzi wanakula chakula chako, una sauti nzuri, na kesho unauawa. Nimeiweka mezani zaidi ya mara moja na hakuna kundi lililotoka kwa njia ya Liyongo. Mmoja aliwalisha walinzi chakula chenye dawa ya usingizi. Mwingine alimfanya mlinzi mdogo alie kwa wimbo wa mama, akamwibia funguo. Hali nzuri ina milango mingi, na hujui yote.

Kwa mahali, tembea kwenye magofu au uyatazame kwa picha. Husuni Kubwa pale Kilwa Kisiwani ni jumba la karne ya 14 juu ya jabali linaloitazama bahari, lenye bwawa la kuogea la pembe nane. Lichore bwawa hilo kwenye karatasi, lijaze maji meusi, uliza nani anashuka wa kwanza. Gedi, karibu na Malindi, mitaa ya mawe imemezwa na msitu, na mizizi imepita ndani ya kuta. Yapeleke majumba hayo kwenye ulimwengu wako wa kubuni na uyape majina mengine, ili usilazimike kubishana na mwenye historia mezani.

Nichore ramani ya ulimwengu?

Hapana. Mji mmoja, barabara moja ya kutoka, na uvumi kuhusu kule iendako. Mengine yachorwe wahusika wakifika.

Tucheze kwa Kiswahili au Kiingereza?

Kanuni nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na wachezaji hujikuta wakiongea nusu kwa nusu. Hakuna kosa. Lakini jaribuni kikao kimoja kwa Kiswahili kitupu na mtaona uchawi wa mchezo unabadilika harufu. Lugha yetu ina ghala kubwa la maneno haya, na kila neno lina kazi yake: hirizi huvaliwa, fingo huzikwa, kago humkinga mtu au mali, zindiko ni kinga inayofanyiwa mtu au mahali, ramli hupigwa. Mwongozaji akisema "mlinzi amevaa hirizi tatu", wachezaji wanajua papo hapo kwamba mtu huyu anaogopa kitu, na kwamba kitu hicho amekiona zaidi ya mara moja.

Kwa maneno ya kanuni sisi hutumia pointi za uhai (kiasi cha mapigo anachostahimili mtu kabla ya kuanguka), ustadi, zamu, jeraha. Chagueni yenu na mshikamane nayo.

## Mezani

Uchawi ufanyeje kazi?

Uchawi ufaulu kila mara, na dadu iamue bei. Hii ndiyo kanuni ninayoipenda kuliko zote. Mchezaji anasema anachotaka kitokee, mwongozaji anakubali kama hakivunji hadithi, kisha dadu mbili zinarushwa pamoja na nukta za elimu ya siri. Ukipata 9 au zaidi, bei ni ndogo: kichwa kinauma hadi alfajiri, mbwa wa mtaa wote wanakubwekea. Chini ya 9, bei ni kubwa, na mwongozaji anaitaja.

Bei kubwa isiwe namba. Pointi za uhai hurudi na watu wakasahau. Mchezaji wetu mmoja alifungua lango la chuma kwa neno moja, dadu zikaanguka 4. Nikamwambia: "Lango limefunguka. Sauti ya mama yako huikumbuki tena. Unajua alikuwa na sauti, lakini ukiitafuta kichwani ni kimya." Aliiandika kwenye karatasi ya mhusika wake kwa herufi ndogo pembeni. Baada ya hapo alitumia uchawi mara mbili tu katika miezi minne, na mara zote mbili meza nzima ilinyamaza.

Kwa nini mapigano yetu hayaishi?

Kwa sababu maadui wako wana uhai mwingi na hawakimbii. Pigano langu la kwanza kuliongoza lilikuwa dhidi ya majambazi wanane, likala kikao chote, na wachezaji wawili walianza kuchezea simu. Baadaye nilikaa nikapiga hesabu. Kila jambazi alikuwa na pointi 10 za uhai, na kila pigo la upanga liliondoa kiasi cha dadu moja, yaani wastani wa 3.5. Hiyo ni mapigo matatu au zaidi kwa kila mmoja, na mchezaji mwenye ustadi wa 2 hukosa mara nne katika kumi. Jumla ni zaidi ya mara 40 za kurusha dadu, bado hujahesabu zamu za majambazi.

Sasa adui mdogo huanguka kwa pigo moja, na nusu ya kundi ikianguka waliobaki hukimbia au kujisalimisha. Majambazi wale wale wanane wanamalizika kwa mara saba hivi za kurusha. Pointi za uhai nawaachia wakubwa tu: nahodha, dubwana, mchawi. Na anayekimbia mwache akimbie, kwani atarudi na jina.

Wachezaji wameacha kila nilichoandaa. Nifanyeje?

Wafuate. Kama umeandaa kwa njia niliyoeleza kwenye swali la kiasi cha maandalizi, hakuna kilichopotea: maji bado yanajaa saa sita, tajiri bado anaitaka fingo. Wakipanda jahazi na kuondoka mjini, kile kitu cha baharini kipo njiani. Ukikwama kabisa, sema, "Nipeni dakika kumi, tunyweni chai." Hakuna aliyewahi kulalamika.

Mhusika afe kweli?

Ndiyo, la sivyo upanga unakuwa fimbo. Lakini tangaza hatari kabla dadu haijarushwa: "Ukiruka hapa na ukakosa, umekufa. Unaruka?" Akijibu ndiyo, rusha mbele ya wote na usibadilishe kilichoanguka. Mhusika mpya aingie kikao hicho hicho, hata kama ni mfungwa aliyekuwa akikohoa ndani ya ghala.

## Mambo magumu

Mchezaji mmoja anaongea peke yake, mwingine haongei kabisa.

Mwulize asiyeongea kwa jina la mhusika wake na kwa jambo dogo: "Wewe ulikuwa mvuvi. Upepo huu unakuambia nini?" Anayeongea sana mwite pembeni baada ya kikao, si mbele za watu.

Watu hawaji kwa ukamilifu kila wiki.

Aina hii ya hadithi inavumilia hilo kuliko nyingine zote. Kila kikao kiwe kisa kinachoanza na kuisha siku hiyo. Aliyekosekana, mhusika wake alikuwa amelewa, amefungwa, au amepata kazi kwenye jahazi. Akirudi, aeleze mwenyewe kwa sentensi mbili. Mkibaki wawili tu, mwongozaji na mchezaji mmoja, chezeni hivyo hivyo, maana visa vingi vya aina hii vina shujaa mmoja.

Wamepata dhahabu nyingi na hawana njaa tena.

Dhahabu iishe. Mwanzo wa kila kisa, waulize: "Imepita miezi miwili na mmebakiwa na sarafu tatu. Zilikwenda wapi?" Wakati wa kusimulia hilo wachezaji hufurahi kuliko walipozipata. Mmoja alijenga kisima kijijini kwao. Mwingine alimwoza mdogo wake harusi ya siku saba. Yaandike hayo, kwa sababu kisima kinaweza kukauka na shemeji anaweza kuja kukopa.

Wote wamekufa katika pigano moja.

Funga daftari, mmalizie kikao kilichobaki kwa kuongea. Wiki ijayo uliza kama wanataka mji ule ule miaka kumi baadaye, bila wale mashujaa. Wetu walikubali. Walipofika langoni walikuta watoto wanacheza mchezo wa kuwaigiza wahusika waliokufa, na majina wameyakosea.

Mfululizo uishe lini?

Mkiona madeni yote mliyoandika kwenye kikao cha awali yamelipwa au wadai wamekufa. Tangaza vikao viwili kabla, ili watu wafungue walichokuwa wamekificha. Katika kikao cha mwisho, mpe kila mchezaji dakika tano aeleze mhusika wake alionekana wapi kwa mara ya mwisho. Ukitaka kuwapa mfano, wasimulie Liyongo baada ya kuchomwa ile sindano: alipiga goti kisimani, upinde umevutwa, mshale mahali pake, na watu wa mji wakakaa siku kadhaa bila kuchota maji, kwa sababu hakuna aliyethubutu kusogea kuhakikisha kama bado anapumua.